Ngoma za Kiangazi na Fedha za Chama

Na Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika

Kila mwaka msimu wa ununuzi wa pamba unapofunguliwa, hunifikia barua zenye swali lile lile, ingawa kila katibu huliandika kwa namna yake. Mmoja huuliza kama chama chaweza kukodi lori la kupeleka wachezaji Bujora. Mwingine huuliza kama ng'ombe aliyechinjwa siku ya mashindano aandikwe katika fungu la mikutano au katika fungu la dharura. Wa tatu, ambaye ni mwerevu kuliko hao wawili, huuliza jinsi ya kuandika gharama ambayo imekwisha kulipwa. Kwa miaka mingi nimewajibu kwa mdomo, mmoja mmoja, na jibu la mdomo hubadilika sura kabla halijafika ghalani. Ndiyo sababu nimeomba nafasi katika kurasa hizi ili nilieleze jambo hili kwa ukamilifu.

Hata hivyo haifai kuanza na habari ya fedha kabla ya habari ya ngoma zenyewe. Makatibu wengi wa siku hizi ni vijana waliotoka shuleni, na baadhi yao, kama mimi, si wenyeji wa Usukuma. Wakisikia ngoma wanapiga mwao mahesabu ya hasara tu. Nami nilikuwa hivyo nilipoletwa huku na kazi. Katika taarifa zangu za mwanzo niliandika maneno makali juu ya vyama "vinavyocheza badala ya kupima pamba", na baadaye nikajua kwamba nililoliandika lilikuwa kweli kwa nusu tu.

Tuanze na majira. Kusini mwa Ziwa Victoria mvua hukoma, kwa kawaida, mwezi Mei. Kuanzia Juni hadi Agosti mbingu ni kavu, vumbi hutimka, na njia zilizokuwa matope mwezi Machi hupitika hata kwa baiskeli iliyobeba mtu na ngoma yake. Mahindi, mtama na mpunga vimekwisha kuingia ndani. Pamba iliyopandwa Novemba na Desemba inachumwa, inachambuliwa, safi mbali na fifi mbali, na kuletwa kwenye mizani. Jembe limepumzika. Ni wakati pekee katika mwaka ambapo mkulima anakuwa na vitu vitatu kwa pamoja: chakula, fedha na nafasi. Asishangae basi mtu yeyote kwamba arusi, mahari, matambiko na mashindano ya ngoma yote yanaangukia hapo, na kwamba yanaangukia pia katika majuma yale yale ambayo katibu wa chama hana hata saa ya kunywa chai.

Mahali panapojulikana kuliko pote kwa mashindano hayo ni Bujora, mwendo mfupi wa miguu kutoka Kisesa. Kisesa ni mji mdogo wa Wilaya ya Magu, uliopo kwenye barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma, kilomita zipatazo 20 kutoka Mwanza, na ziwa haliko mbali. Katika siku za kawaida ni mji wa kupita: maduka ya bati, mafungu ya dagaa na viazi kando ya lami, pikipiki zikingoja abiria. Kiangazi hugeuka. Vyumba vya wageni hujaa, mama lishe huongeza masufuria, na mafundi cherehani hukesha wakishona sare za wachezaji, kila kikundi kikificha rangi zake ili wapinzani wasizione mapema.

Sherehe kubwa ya Bujora huitwa Bulabo. Neno hilo kwa Kisukuma lina maana ya maua, nayo sherehe imefungamana na Sikukuu ya Ekaristi, ambayo Wakatoliki huiadhimisha mwishoni mwa Mei au katika Juni kwa maandamano ambayo njia yake hutandazwa maua. Aliyeziunganisha sikukuu ya kanisa na ngoma za wananchi alikuwa Padre David Clement, mtu wa Kanada, wa shirika la Mapadre Weupe, aliyefanya kazi hapo tangu miaka ya 1950. Padre huyo hakutaka Wasukuma waache ngoma zao ndipo waingie kanisani. Kanisa la Bujora lilijengwa kwa umbo la duara mithili ya nyumba ya Kisukuma, na altare yake ikafanywa mfano wa kiti cha mtemi. Kando yake pakaanzishwa makumbusho ya Wasukuma, ambamo zimehifadhiwa, pamoja na vitu vingine, ngoma za watemi. Utawala wa watemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, lakini ngoma zao ziko hapo na mgeni aweza kuziona.

Sasa nieleze mashindano yenyewe, maana hapa ndipo penye jambo ambalo mtu wa ushirika angepaswa kulitazama kwa makini.

Vikundi vyote vya ngoma katika Usukuma ni vya pande mbili: Wagika na Wagalu. Simulizi za wazee husema kwamba katika karne ya 19 walikuwapo mafundi wawili wa ngoma, Ngika na Gumha, ambao walikuwa pia waganga, na kila mmoja alidai kwamba dawa yake ndiyo yenye nguvu ya kuvuta watu. Wakashindana. Waliomfuata Ngika wakawa Wagika, waliomfuata Gumha wakawa Wagalu, na mpaka leo kikundi kinachoanzishwa sharti kijulikane ni cha upande gani. Chini ya pande hizo mbili yapo makundi mengi ya ngoma mbalimbali. Kuna bugobogobo, ngoma ya jembe, ambayo wachezaji huyarusha majembe hewani na kuyadaka bila kupoteza mdundo. Kuna ngoma ya Wayeye, ambao hucheza na nyoka, na ambao hujulikana pia kwa kutibu watu walioumwa na nyoka. Kuna ngoma iliyotokana na wawindaji wa nungunungu. Kuna wigashe, ambayo vijana huiimba wakiwa wameketi chini, na mgeni asiyejua hudhani wamechoka.

Siku ya mashindano vikundi viwili, mmoja wa Wagika na mwingine wa Wagalu, huingia katika uwanja mmoja na kuanza kucheza kwa wakati mmoja. Hakuna zamu. Watazamaji hawaketi mahali pamoja. Wao husimama kati, kisha huelekea pale panapowavutia. Kikundi kinachozungukwa na watu wengi zaidi ndicho kilichoshinda. Hakuna karatasi ya alama wala mwamuzi wa kumlalamikia.

Mara ya kwanza nilipoyaona haya nilikuwa nimepanda juu ya jiwe, maana mawe makubwa Bujora hayakosekani, pamoja na mzee mmoja ambaye ni mwanachama wa siku nyingi. Kutoka juu uwanja mzima ulionekana. Nilitazama umati ukihama. Mwanzoni walikuwa nusu kwa nusu. Kisha manju wa upande wa kushoto akatoa wimbo uliowataja kwa kejeli matajiri fulani wa kijiji fulani, watu wakacheka, na kama maji yanavyofuata mteremko watu mia hivi wakahamia kwake. Upande wa kulia wakatoa sanamu ya mbao iliyochongwa mfano wa mtu, yenye mikono ya kuchezeshwa, na watoto wote wakakimbilia huko, na mama zao wakafuata watoto. Ikaenda hivyo mpaka jua likapungua. Kikundi cha kushoto kilikuwa na waimbaji bora, kwa maoni yangu, lakini kilirudia wimbo mmoja mara nyingi mno, na saa kumi na moja walikuwa wamebaki na jamaa zao tu.

Mzee akaniambia, "Mkaguzi, hapa hakuna aliyenyoosha mkono akimtazama jirani yake."

Nilielewa alichokuwa akikisema. Tumehudhuria pamoja mikutano mikuu mingi. Twajua jinsi mwenyekiti anavyouliza, "Wanaokubali?", na jinsi mikono inavyopanda polepole, kila mmoja akingoja kuona wa mwenzake, hasa wa yule aliyemkopesha mbegu. Katika uwanja wa Bujora mtu hupiga kura kwa miguu yake, hadharani, na akigundua amekosea huhama tena bila kuomba radhi. Sisemi tuendeshe mikutano mikuu kwa namna hiyo, maana makisio ya mapato na matumizi hayawezi kuchezewa ngoma. Nasema tu kwamba watu hawa hawa tunaowaita wagumu wa kutoa maoni hawana ugumu wowote pale wanapoona kwamba maoni yao yanahesabika.

Dawa pia hutumika, ya kuvuta watu na ya kuwakinga wachezaji. Wenyewe hawafichi. Hayo si ya mkaguzi, isipokuwa nilipokuta mara moja malipo ya mganga yameandikwa "dawa za pamba". Niliuliza ni dawa ya mdudu gani.

Nyuma ya ngoma hizi kuna kazi, na jambo hili ndilo nililolikosa katika taarifa zangu za mwanzo. Bugobogobo haikuanza uwanjani. Ilianza shambani. Vijana wa kijiji walijiunga katika kundi chini ya kiongozi waliyemchagua wenyewe, ambaye kwa Kisukuma huitwa nsumba ntale, na kundi hilo likaenda kulima shamba la huyu leo na la yule kesho, wakilima kwa mstari mmoja huku ngoma ikipigwa na manju akiimba. Aliyechelewa kazini alitozwa faini. Aliyefiwa alisaidiwa. Mtu mwenye shamba kubwa aliyewaita aliwalipa, kwa chakula, kwa mifugo au kwa fedha, na malipo hayakugawanywa siku ile. Yaliwekwa pamoja mpaka baada ya mavuno, kisha kundi zima likakaa, likachinja, likala, na likaenda kushindana na makundi mengine. Mashindano ya kiangazi yalikuwa mwisho wa hesabu ya mwaka.

Tafadhali, Ndugu Katibu, yasome tena maneno hayo polepole. Kiongozi wa kuchaguliwa. Kanuni na faini. Mfuko wa pamoja. Kufunga mwaka na kugawana. Vyama vya msingi havikuletwa Usukuma juu ya ardhi tupu. Miaka ya mwanzo ya 1950, wakulima wa Jimbo la Ziwa walipochoka kupunjwa kwenye mizani ya wafanyabiashara, walianza kwa kuweka wapimaji wao wenyewe wa kuhakiki uzito wa pamba, na watu waliozoea kukatana faini kwa kuchelewa shambani hawakuhitaji kufundishwa maana ya kuchangia mshahara wa mpimaji. Kutoka hapo vikazaliwa vyama, na mwaka 1955 vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, ambayo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake mashuhuri. Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Katika miaka hiyo yote vikundi vya ngoma havikufutwa na mtu, wala havikuhitaji kurudishwa.

Kwa hiyo chama kinapotaka kuchangia ngoma, hakichangii starehe ya wageni. Kinamchangia kaka yake mkubwa. Hata hivyo kaka mkubwa naye aweza kukufilisi.

Nitaeleza kisa kimoja, bila kutaja chama wala mtu. Msimu wa 2018 pamba yote ilinunuliwa kupitia vyama vya msingi. Mnunuzi alileta fedha, chama kikazipokea, kikapima, kikawalipa wakulima, na chenyewe kikabaki na ushuru wake kwa kila kilo. Fedha za ununuzi hazikuwa za chama hata senti moja. Katika chama hicho katibu alikuwa mtu hodari, tena mwaminifu. Madaftari yake nilikuwa nikiyatumia kama mfano wa kuwafundishia wengine. Kijijini kwake kilikuwapo kikundi cha Wagalu chenye sifa kubwa, na karibu nusu ya wanachama walikuwa ndani yake au walikuwa na watoto ndani yake. Kikaalikwa kwenye mashindano. Wazee wakamjia katibu jioni moja. Walihitaji lori la kukodi na ng'ombe wawili. Ushuru wa chama ulikuwa haujaingia. Wakamwambia, "Tupe katika hizo zilizopo, ushuru ukija utarudisha." Wenyeviti wa vijiji wakaunga mkono. Mwenyekiti wa chama, ambaye mwanawe alikuwa mpiga ngoma, hakusema kitu. Katibu akatoa shilingi 840,000 kwenye sanduku la ununuzi.

Kikundi kilishinda. Nami nilikuwapo uwanjani siku ile, nikakaribishwa kwa heshima, nikala nyama. Sikuuliza ng'ombe alitoka wapi.

Juma lililofuata mnunuzi alichelewa kuleta fedha nyingine, na wakulima tisa waliokuwa wamekwisha kupimiwa pamba wakaambiwa wasubiri. Mmoja wao alikuwa na mgonjwa hospitalini. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo wazee wale hawakuwa wamelifikiria. Kati ya hao tisa, sita walikuwa Wagika. Walikuja ghalani wakasimama mbele ya mizani, wakamwuliza katibu swali ambalo hakuwa na jibu lake: kwa nini pamba yao iwalipie ng'ombe watu waliokwenda kuwashinda?

Nilipoitwa kufanya ukaguzi sikukuta wizi. Nilikuta upungufu wa shilingi 840,000, na karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono wa katibu mwenyewe ikieleza kila kitu: bei ya ng'ombe, bei ya lori, tarehe. Hakujaribu kuficha. Lakini hapakuwa na kikao cha bodi kilichoidhinisha, wala fungu katika makisio, wala vocha yenye sahihi ya mtu mwingine. Katika hesabu, fedha iliyotolewa hivyo jina lake ni moja, hata kama aliyeitoa ana roho njema. Katibu aliuza mifugo yake akalipa. Mkutano mkuu ukamwondoa, na waliopiga kura ya kumwondoa walikuwa ni pamoja na wazee wale waliomjia jioni. Mwenyekiti alibaki kwenye kiti chake. Katika taarifa yangu niliandika yote yaliyopaswa kuandikwa, isipokuwa kwamba mkaguzi naye alikula. Naandika sasa.

Chama hicho hakijapata katibu wa kiwango chake tangu wakati huo.

Basi, nini kinaruhusiwa? Nitajibu kwa kadiri ya uzoefu wa kazi, na katibu mwenye shaka awasiliane na Afisa Ushirika wa wilaya yake kabla ya kutoa fedha, si baada.

Kwanza, ushirika hauzuii. Muungano wa Vyama vya Ushirika Duniani ulipotangaza upya misingi ya ushirika mwaka 1995, uliweka msingi wa saba, ambao ni kujali jamii: chama chaweza kutenda mambo kwa faida ya jamii yake, kwa taratibu ambazo wanachama wenyewe wamezipitisha. Uzito wote uko katika hayo maneno ya mwisho. Mtu hodari wa kuuhubiri msingi huo aghalabu husahau kumalizia sentensi. Kama wanachama katika mkutano mkuu wamekubali kwamba sehemu fulani ya mapato ya chama itumike kwa shughuli za jamii, na kiasi kikaandikwa katika makisio, na makisio yakapitishwa kama sheria inavyotaka, basi ngoma yaweza kulipiwa kutoka fungu hilo sawasawa na dawati la shule. Ambalo halimo katika makisio halilipwi, hata kama kijiji kizima kimesimama mlangoni kinaimba.

Pili, fedha za kununulia mazao haziguswi. Hazikopwi kwa siku mbili, hazikopwi kwa saa mbili. Hapa sina maelezo marefu. Kisa nilichokieleza kinatosha.

Tatu, na hili halimo katika kanuni zozote nilizozisoma bali nimefundishwa na wale Wagika sita: chama hakina upande. Kila kinachotolewa kwa kikundi cha Wagalu kitolewe kwa kiasi hicho hicho kwa kikundi cha Wagika. Kama upande mmoja hauna kikundi katika eneo la chama, fungu hilo lisitumike kwa washindani bali kwa jambo ambalo watu wote wanalinufaikia siku ile, kwa mfano mapipa ya maji uwanjani, kivuli cha wazee, au kumlipa mhudumu wa huduma ya kwanza. Najua katibu atakayefanya hivi ataambiwa hana mapenzi na kijiji chake. Avumilie.

Nne ni habari ya karatasi. Malipo yafanywe kwa vocha, yaidhinishwe na wenye mamlaka ya kuidhinisha, na apokee kiongozi wa kikundi mwenyewe mbele ya shahidi. Manju wengi ni wazee wenye akili nyingi wasioandika. Dole gumba linatosha, mradi jina la shahidi liwepo na liwe la mtu asiye wa kikundi hicho. Ng'ombe akinunuliwa, muuzaji atoe stakabadhi. Kama chama kina gari lake na kikaliazima, mafuta na malipo ya dereva ni gharama, nayo iandikwe. Gari haliendi Bujora bure kwa sababu tu hakuna aliyelipa nauli.

Tena kuna jambo la siku za mizani. Baadhi ya vyama hufunga ghala siku ya mashindano bila kumtangazia mtu, na mkulima aliyetembea tangu alfajiri na mzigo wake hukuta kufuli. Vyama vingine hulazimisha mizani iwe wazi, kisha karani hutoroka saa sita, na pamba hupimwa na mtu asiyejua kusoma mizani. Yafaa bodi iamue mapema: tufunge siku fulani, na tangazo libandikwe na lisomwe majuma mawili kabla. Nimeona chama kimoja kilichofanya hivyo kwa miaka mitatu mfululizo, na malalamiko yaliyoandikwa katika daftari lao la wanachama juu ya siku hizo ni sifuri.

Yapo pia mambo ambayo hayagharimu kitu. Uwanja wa ghala baada ya saa za kazi ni mahali pazuri pa mazoezi, nao huwaleta vijana karibu na ofisi ya chama, vijana ambao hatujafanikiwa kuwaleta kwa semina. Manju waweza kuombwa watunge juu ya usafi wa pamba, juu ya kung'oa na kuchoma mabua baada ya mavuno, juu ya wanaotia maji na mchanga katika pamba ili uzito uongezeke. Nasema waombwe, wasiandikiwe. Niliwahi kumsikia mwimbaji mmoja mwenye sauti ya kutetemesha mawe akiimba maneno aliyopewa na ofisi fulani, yenye majina ya vyeo vyote kuanzia juu hadi chini. Kabla hajamaliza vyeo vya wilaya, umati wote ulikuwa upande wa pili. Mwaka uliofuata mwimbaji yule yule alitunga mwenyewe habari ya mtu aliyetia mchanga katika pamba, na mizani ikamzomea kijiji kizima kinasikia. Walikuwapo watu katika umati ambao hawakucheka, nami niliwatambua.

Mwisho ni habari ya Siku ya Ushirika Duniani, ambayo huadhimishwa kila Jumamosi ya kwanza ya Julai, yaani katikati kabisa ya kiangazi chetu. Mara nyingi tumeifanya kuwa siku ya hotuba chini ya turubai, na ngoma ikaalikwa kuburudisha wageni kwa dakika kumi kati ya hotuba ya tatu na ya nne. Wachezaji waliozoea kushindana kutwa nzima hukubali kwa adabu, hucheza dakika zao, huondoka, na watu huondoka nao. Ningependekeza kwa vyama vilivyo karibu vishirikiane: vyama viwili au vitatu vichange kutoka mafungu yao yaliyopitishwa, viwaalike Wagika na Wagalu kushindana asubuhi yote kwa desturi yao, na hotuba iwe moja, fupi, wakati wachezaji wanapokunywa maji. Jioni hiyo hiyo hesabu ya michango na matumizi isomwe hapo hapo uwanjani, mbele ya watu wa pande zote mbili.

Kiangazi kilichopita nilikwenda Bujora nikamkuta yule katibu wa zamani katika umati. Tulisalimiana. Aliniuliza kama chama chake kimeweka fungu la shughuli za jamii katika makisio. Nikamjibu kwamba kimeweka, nusu kwa nusu, na mkutano mkuu umelipitisha. Akauliza ni shilingi ngapi, nikamtajia. Akapiga hesabu kimoyomoyo, akasema kwa kiasi hicho hawapati ng'ombe hata mmoja, wachukue mbuzi.

Vyama ambavyo havijaitisha mkutano mkuu wa makisio bado vina nafasi ya kuliingiza fungu hilo kwa msimu ujao. Makatibu wanaohitaji mfano wa vocha na wa tangazo la kufunga mizani waandike kwa ofisi ya chama kikuu, nao watapelekewa.